Taa ya Manjano ya Gari la Kliniki

Shauri Moyo, Nairobi
4 Novemba 1997

Mpendwa Mjomba Shiundu,

Nakuru kukoje, na mgongo wako unaendeleaje? Sisi wazima, ila mvua hii ya El Nino imetufuata hadi kitandani. Mama anakusalimu.

Wewe ni fundi na mimi ninaogopa, ndiyo maana naandika. Kliniki ninakofanya ukarani ilipewa gari kuukuu la wagonjwa kutoka Ulaya. Taa ya manjano yenye herufi ABS imewaka na haizimiki. Juzi barabara ilikuwa imelowa. Dereva wetu, Farid, alikanyaga breki, magurudumu yakajifunga, gari likateleza mpaka kwenye mkokoteni wa viazi. Hakuna aliyeumia. Mkurugenzi, Mama Syombua, anasema gari lilisimama, kwa hiyo breki ni nzima. Mwisho wa mwezi tutaleta wagonjwa wa macho huko Nakuru, kupitia mteremko wa Mai Mahiu. Karani huketi mbele. Nifanye nini?

Mpwa wako,
Nangila

Nakuru
10 Novemba 1997

Mpwa wangu,

Barua imefika na matope yake. Mgongo ni uleule. Shangazi yako anasema ninaulea kama mtoto.

Taa hiyo haisemi breki zimekufa. Inasema kile chombo kinachozuia magurudumu kujifunga kimejizima. Gari litasimama, lakini penye utelezi ukikanyaga kwa nguvu, usukani hautakusikia. Farid aangalie mafuta ya breki, kisha fyuzi. Halafu kila gurudumu lina kihisio kidogo kinachosoma pete ya chuma yenye meno. Akisafishe, afuate na waya wake aone kama umekatika. Na uulize: ni gurudumu gani lilifunguliwa kabla ya taa kuwaka? Mara nyingi ugonjwa huanzia pale mkono wa fundi ulipopita. Nasema hivyo nami ni fundi.

Mjomba wako,
Shiundu

Shauri Moyo
18 Novemba 1997

Mpendwa Mjomba,

Pole na mgongo. Huku kumekucha salama, ingawa ukuta wa jirani umeanguka.

Mafuta yalikuwa sawa, fyuzi pia. Farid alisafisha vihisio vyote, taa ikabaki. Gurudumu lililofunguliwa ni la mbele kushoto, lilipobadilishwa beringi. Lakini sasa nina furaha. Mama Syombua alimwita fundi mwingine, naye akamaliza kazi kabla chai haijapoa. Taa imezimika. Hata ufunguo ukizungushwa haionekani kabisa. Mama Syombua alimshukuru sana, na usiku huo nililala. Farid peke yake hakufurahi. Aliniambia, "Dada, uliomba kimya, umepewa kimya." Sikumwelewa.

Mpwa wako,
Nangila

Nakuru
22 Novemba 1997

Nangila,

Leo nitakusalimu kwa ufupi. Taa nzima huwaka ufunguo unapozungushwa, kisha huzimika yenyewe. Isiyowaka kabisa imetolewa balbu. Mafundi wengi hufanya hivyo, mteja akaenda zake ameridhika. Ugonjwa bado umo.

Farid afungue lile gurudumu la kushoto aangalie pete. Nadhani iligongwa nyundo beringi ilipoingizwa. Siwezi kukuamuru usipande gari la mwajiri wako. Ila mimi nisingepanda.

Mjomba wako,
Shiundu

Shauri Moyo
15 Desemba 1997

Mpendwa Mjomba,

Natumaini barua hii inakukuta umesimama wima. Samahani kwa kimya.

Ile barua yako fupi ilinifikia asubuhi ya safari. Wagonjwa walikuwa wamekwisha kupanda, mmoja akilalamika kwamba haoni na bado anacheleweshwa. Nilimweleza Mama Syombua habari ya balbu, nikamwomba asubiri gurudumu lifunguliwe. Aliniuliza mbele yao wote kama mimi ni karani au fundi.

Nikamjibu, "Ni karani, Mama. Lakini gari hili likiondoka hivi, sipandi, na nitawaambia hawa kwa nini."

Hakukuwa na haja ya kuwaambia, walikuwa wamesikia. Yule asiyeona ndiye aliyekuwa wa kwanza kushuka. Farid alizima injini, akaleta jeki. Pete ilikuwa imepasuka na meno mengine yamevunjika.

Baadaye walipata nyingine kwenye gari bovu, wakarudisha na balbu. Farid anasema taa huwaka na kuzimika inavyotakiwa, na alijaribu breki kwenye matope huko Komarock, gari likashika njia. Wagonjwa walifika Nakuru wiki iliyopita. Mbele aliketi Vivian, karani mpya. Mimi niliambiwa nikae nyumbani mpaka nitakapoitwa, na sijaitwa.

Jana gari lilipita hapa kwetu. Farid alipiga honi. Mama aliniuliza mbona sitoki kusalimia, nikamwambia nachambua mchele. Kupitia dirishani nilimwona Vivian amelala, kichwa kimeegemea kioo cha gari.

Mpwa wako,
Nangila