Kidole cha Janelle

S.L.P. 41,
Pellmont, Iowa.
2 Aprili 1978.

Mpendwa mdogo wangu Lyle,

Salamu nyingi zikufikie huko Alaska, wewe na wenzako wa bomba la mafuta. Kifua chako je, kimepona? Barua yako ya Februari ilinitia wasiwasi na hicho kikohozi. Na soksi za sufu zilikufika? Sisi hapa theluji imeyeyuka, barabara za mashambani ni tope tupu, na shemeji yako Walt ameshaanza kugombana na trekta.

Ningesema sote tu wazima, lakini binti yako si mzima, na ndiyo sababu kalamu imekuwa nzito majuma haya. Nilimwomba akuandikie mwenyewe. Akanijibu, "Andika wewe, shangazi. Mimi sina nililofanya la kuandikwa."

Unaijua Pellmont, umekulia humu. Tangu ule mwaka wa 1951 uliopakwa rangi ukutani mwa ukumbi, wasichana wa shule yetu hawajafika Des Moines kwenye mashindano ya jimbo ya mpira wa kikapu. Mwaka huu ilibaki mechi moja. Janelle ndiye aliyewabeba. Bwana Dirksen wa bucha alikuwa akitoka nyuma ya meza yake kumfungulia mlango.

Jumatano kabla ya mechi, mazoezini, mpira ulimgonga kidole cha pete, mkono wa kulia. Alirudi nyumbani kimevimba, kimepinda upande. Nilikuwa navaa koti nimpeleke kwa daktari, Kocha Haskamp akaingia mlango wa jikoni.

"Verla," akasema, "daktari akikiona tu, Jumamosi hachezi."

"Kimevunjika, Orrin."

"Kimeteguka tu. Kifunge pamoja na jirani yake. Nusu ya mji imeshapanga safari ya Des Moines. Utawaambia nini?"

Janelle alikuwa ameegemea friji, mkono ndani ya bakuli la barafu. Hakumtazama kocha, alinitazama mimi. Lyle, alikuwa akingoja niseme hapana. Nikaenda kutafuta plasta.

Jumamosi mchana tulicheza na Steele Grove. Zilibaki sekunde nne, tuko nyuma kwa pointi moja, Janelle akachezewa vibaya akapewa mitupo miwili. Wa kwanza uligonga chuma. Wa pili haukufika hata kwenye wavu. Mtu nyuma yangu akasema, "Hata mama yangu mwenye kiharusi angefunga ule." Sikugeuka kumtazama ni nani.

Unakumbuka gari la zimamoto linavyowangoja wachezaji darajani, liwaongoze hadi shuleni kwa king'ora? Lilikuwepo. Wazimamoto waliposikia matokeo redioni waligeuza wakaenda zao, na basi la watoto likaingia mjini peke yake.

Jumatatu ndipo yalipoanza. Akipita kwenye korido za shule, wenzake walifumba macho wakapapasa kuta kama vipofu. Walimu waliona, wengine walitabasamu. Dirksen alimfungia nyama akamwambia, "Mwite shangazi yako aibebe, wewe utaiangusha." Janelle hakumtajia mtu kidole. Kocha alikuwa amemwonya kwamba mchezaji wa kweli hatoi visingizio. Na mimi nilimwambia avumilie, watu watasahau.

Kisha ikaja karamu ya wanamichezo, na desturi ni ile ile: kila msichana wa darasa la mwisho anaitwa mbele, anapewa herufi ya kitambaa ya jina la shule, ya kushona kwenye koti, na zawadi ndogo ya utani. Janelle aliitwa wa mwisho. Haskamp akampa miwani myeusi na fimbo nyeupe.

"Hii ni ili mwakani akione kikapu," akasema. "Ah, nimesahau. Mwakani hayupo."

Ukumbi mzima ulicheka. Mke wa mwalimu mkuu akanigeukia, na mimi nikacheka, asije akadhani nimeudhika. Janelle alinisikia. Alivaa ile miwani, akampa kocha mkono, mkono ule ule mbovu, akarudi kwenye kiti chake akala pai yake yote hadi makombo.

Siku ya pili yake nilimpeleka kwa daktari, nimechelewa. Mfupa umejiunga ukiwa umepinda. Hata wakiuvunja upya, kidole hakitakunjika sawasawa tena. Klarineti, ile zumari anayopiga katika bendi ya shule, ina tundu linalozibwa na kidole hicho hicho, Lyle. Chuo cha muziki kilikuwa kimemwita aende Mei akapige wamsikilize. Ameshairudisha klarineti kabatini kwa mwalimu wa bendi. Ndani ya gari aliniambia neno moja tu, tena kwa upole: "Ungesema nisicheze, shangazi, ningekutii."

Alhamisi bodi ya shule ilikaa kumwongezea Haskamp miaka mitatu. Mwenyekiti akauliza kama kuna mzazi mwenye neno. Cheti cha daktari kilikuwa mkobani mwangu. Nilisimama. Watu wote wakageuka, na Haskamp akageuka, akanitazama bila hofu yoyote, maana ananijua. Nikasema keki niliyowaletea iko tayari mezani. Wakapiga makofi.

Basi hayo ndiyo niliyofanya, nimeyaandika kama alivyotaka. Atahitimu tarehe 26 Mei, na kesho yake atapanda basi kuja kwako. Ameomba nisifike kituoni, Walt ndiye atakayemsindikiza.

Walt anakusalimu sana, na shangazi Elda anauliza kama bado unasali. Mola akukinge na baridi ya huko, akurudishie pumzi yako. Ukimpokea Janelle usimbane mkono wa kulia. Bado unamuuma, na hatakwambia.

Dada yako akupendaye,
Verla