Bundi wa Kigwena

Mjukuu wangu Rukia,

Amahoro kutoka Rumonge. Huku tuko wazima. Mama yako anakamua mawese, na babu yako bado anabishana na kila mtu sokoni.

Umeuliza kama ni kweli mimi sikimbii bundi akilia. Ni kweli, na sababu ni hii.

Enzi za Mdachi, nikiwa msichana, nyavu zilirudi tupu mpaka watu wakamlaumu bundi mkubwa wa msitu wa Kigwena, pale mto unapotuama kati ya miti kabla ya kuingia ziwani. Mengine ya mwaka ule nayaacha. Baba yangu, mkubwa wa wavuvi, alinoa shoka aukate mti wa bundi yule.

Lakini mimi nilichota maji pale kila alfajiri, nilishamzoea. Miguu yake haina manyoya, kama mvuvi aliyepandisha kikoi. Nikamwambia baba, "Njoo umuone kwanza."

Tukajibanza kwenye matete. Bundi akashuka, miguu mbele, akainuka na samaki anayepapatika.

"Kumbe samaki iko huku," baba akasema. "Na huyu iko muvuvi."

Siku ile wavuvi walitega nyavu kule kwenye miti, mitumbwi ikajaa, na baba akawaambia wote ni binti yake aliyemuonyesha.

Mti ule bado umesimama. Ukija tutakwenda pamoja. Ukimuona bundi, usiteme mate kufukuza nuksi. Muulize tu, kama tunavyomuuliza kila mvuvi anayerudi: umepata?

Bibi yako