Unauliza Salamu au Unauliza Mguu?

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Marahaba yako najua itachelewa kidogo, nami sina haraka.

Leo asubuhi jirani yangu wa hapa Olasiti amekuja na mkono umefungwa plasta, kagongwa na gari lililokuwa linarudi nyuma. Anataka nimweleze madai ya bima yanakwendaje. Sijui nani kamwambia mimi ni mtaalamu. Kabla sijamtajia polisi wala hospitali, nimempa somo la kwanza: "Mtu wa bima akikuuliza hujambo, fikiri kwanza." Nikacheka peke yangu, mpaka jirani akadhani namcheka yeye.

Unakumbuka, Mama. Ulikuwa unavuka barabara ya Moshi pale Usa River, umetoka kuuza ndizi, pikapu ya mboga ikakuvunja paja. Uliporudi nyumbani yule dereva alipanda mlima na mbuzi, akalia kuliko mbuzi mwenyewe, ukamsamehe mbele ya mchungaji. Lakini daktari alishasema mfupa haujaunga sawasawa: bila upasuaji wa pili hutaifikia tena kahawa yako kule juu. Na bei ya upasuaji huo ilikuwa juu kuliko kahawa. Nikaleta habari za bima.

"Nimeshamsamehe," ukasema. "Nimdai nini tena, mbuzi wa pili?"

Nikakueleza niliyoyaokota kwenye mabenchi ya trafiki, kwa kusikiliza mambo ya watu. Kwamba anayelipa si dereva, ni kampuni. Kwamba kila gari barabarani lazima liwe na bima, walau ile ndogo, ya mtu wa tatu.

"Mtu wa tatu ndiyo nani? Pale tulikuwa wawili, mimi na pikapu."

"Wa kwanza ni mwenye gari, Mama. Wa pili ni kampuni. Wa tatu ni wewe."

"Yaani kugongwa nigongwe wa kwanza, kuhesabiwa niwe wa tatu!"

Ukakubali, kwa hasira ya kuhesabiwa vibaya. Tukakusanya fomu ya polisi ya matibabu, ripoti ya ajali na mchoro wake, vyeti vya hospitali. Kila ofisi ilitaka kwanza karatasi ya ofisi jirani, nayo ofisi jirani ilikuwa imeenda kunywa chai.

Halafu akaja mkaguzi wa bima, kijana mwenye viatu vya kung'aa ambavyo tope la Meru lilivipokea kwa furaha. Mimi nilikuwa nyuma namkatia ng'ombe majani. Kumbe wewe umeshavaa kitenge cha Pasaka na magongo umeyaficha nyuma ya mlango, eti mgeni hapokelewi na magongo.

"Shikamoo mama, hujambo?"

"Marahaba. Sijambo kabisa, namshukuru Mungu."

"Na mguu?"

"Nao mzuri tu. Karibu loshoro, mwanangu."

Akaandika, akala mahindi yale ya maziwa ya mgando, akashukuru. Jibu la kampuni likaja: majeruhi amepona, kwa maelezo yake mwenyewe. Tupokee kifuta jasho, tusaini kwamba tumemaliza. Hapo nilikuwa nimeshajua kitu kimoja: ukiweka sahihi ile umefunga mlango na ufunguo umewaachia wao. Nikakusihi usisaini. Ukaniuliza kwa mshangao wa kweli, "Sasa ulitaka nimjibu mgeni kwamba mimi ni mbaya?"

Tukabeba ripoti mpya ya daktari hadi mjini, kwenye ofisi yao ya ghorofani. Bosi alikuwa mwanamama wa miwani, na yule kijana amekaa pembeni.

"Shikamoo mama. Habari za mguu?"

Nikafumba macho. Nilijua mdomo wako, ulikuwa umeshaanza ile "n" ya nzuri. Ukaimeza.

"Marahaba. Mwanangu, unauliza salamu au unauliza mguu?"

"Nauliza mguu, mama."

"Maana kama ni salamu, sijambo. Kama ni mguu, ngazi zenu nimezipanda kwa makalio."

Ofisi nzima ikaangua kicheko, nawe ukaongoza. Kijana akaviangalia viatu vyake. Bosi akajifuta machozi, akaisoma ripoti ya daktari mpaka mwisho, akakupeleka upimwe upya. Wakakubali kulipa: upasuaji, na pesa za kukushikilia mpaka usimame.

Ukasimama, Mama. Siku uliyoifikia kahawa yako ulianza kwa kuyatukana magugu moja moja, kwa Kimeru, huku dereva wako wa pikapu amekubebea jembe. Jumapili ya mavuno ukacheza mbele ya kwaya mpaka mchungaji akasema taratibu. "Huyu mtu wa tatu," ukamjibu, "leo ni wa kwanza."

Umetembea miaka mingine mingi na mguu ule, mpaka uzee ulipokuja wenyewe, bila pikapu, ukalala. Tulikuzika pale unapoiona kahawa. Imebeba vizuri msimu huu.

Jirani ameondoka na somo lake. Mlangoni nikamjaribu: "Haya, hujambo?" Akajibu, "Sijambo." Tuna kazi.

Nami watu huniuliza habari za tangu uondoke. Huwauliza: mnauliza salamu au mnauliza moyo? Wengi huchagua salamu, wana haraka zao. Wewe ukiniuliza, Mama, uliza vyote. Vyote ni vizuri, na safari hii sijaficha magongo.

Mwanao kitinda mimba,
yule uliyemwita Wakili wa Migombani