Kisu cha Baba na Kifua cha Tuda

Lalla Sfiya, bibi yetu wa ushauri redioni, nakusalimu, na naomba barua hii uisome yote kabla ya kunihukumu.

Mwaka jana, asubuhi ya Idi ya kuchinja, saa tatu na dakika arobaini, nilipoteza kisu cha baba yangu. Sikukiangusha njiani wala hakikuibwa. Nilifika nyumbani nusu saa baadaye nikakikuta mkononi mwa mdogo wangu Idder, kimelowa damu, na kondoo wa baba ameshaning'inizwa kwenye boriti, ameshachunwa, na mimi nimesimama mlangoni na kanzu yangu nyeupe iliyopigwa pasi, safi, haina hata tone.

Mimi ni mwenye duka hapa Kasablanka, mtu wa Sus, milima ya kusini, kama wenye maduka wengi unaowajua. Nilikuja mjini nina miaka kumi na minne, nikalala juu ya magunia ya unga katika duka la watu, na leo duka ni langu na la pili liko mtaa wa nyuma, hakuna aliyenishika mkono. Wewe unajua desturi yetu, Idi ikikaribia sote tunashusha milango, mji unabaki unatafuta mkate, sisi tunapanda milimani kwa wazee wetu. Na kwetu mzee akishindwa na mkono, kisu chake hushikwa na mwanawe mkubwa, na huyo mwenye kisu ndiye anayemlisha mzee mshikaki wa kwanza wa ini, kwa mkono wake, mbele ya watu wote. Tangu mkono wa baba yangu, mzee Abella, uanze kutetemeka, zimepita Idi saba. Sita nilichinja mimi. Mishikaki sita baba amekula mkononi mwangu. Wa saba nilimkuta akiula mkononi mwa Idder, midomo inang'aa mafuta, anacheka, na aliponiona akasema, "Ah, Bihi, umefika," kama anavyomwambia mtu aliyeleta gesi.

Nitakueleza ilivyokuwa. Swala iliisha saa moja na nusu, saa mbili kijiji kizima kilikuwa kinachinja, na sisi tulikuwa bado barabarani kwa sababu binti yangu Tuda, wakati ule ana miaka mitatu, alikuwa na kifua tangu tulipoondoka, akatapika mara nne, kisha pumzi ikambana tukaingia hospitali ya njiani wakamwekea hewa, tukakaa pale saa mbili na dakika kumi. Sisemi ni kosa la mtoto, mtoto hana kosa, lakini tulifika saa nne na dakika kumi, na ukitoa zile saa mbili na dakika kumi unapata saa mbili. Saa mbili kamili, Lalla! Ningeingia mlangoni wakati uleule wa kisu. Na baada ya kula nikamwambia baba, haya, kisu kioshwe kirudi mahali pake, akamtazama Idder akasema, "Kaa nacho wewe. Kisu ni cha aliyepo."

Cha aliyepo! Na nyumba aliyokaa ndani yake akisema hivyo ni nani aliyeijenga? Kisima walichooshea nyama ile ni nani aliyekichimba? Idder hajawahi kulala juu ya gunia hata siku moja. Yeye alibaki kijijini na lozi zake na mbuzi zake, anakunywa chai na baba asubuhi, anakunywa chai na baba jioni, anajua dawa ya baba ya presha iko kopo gani, na mimi ninayeileta hiyo dawa sijui kopo. Nina wivu. Naandika neno lenyewe ili usihangaike kunitafutia jingine.

Sasa mwaka huu. Idi ni Jumamosi, tumepanga kuondoka Alhamisi alfajiri, na Tuda, ambaye sasa ana miaka minne, kaumwa tena. Ijumaa iliyopita daktari alimsikiliza akasema ni nimonia, pafu la kushoto, akampa dawa ya siku saba na akataka tumrudishe Jumatano. Mimi si mtu wa kubahatisha, napima homa mwenyewe na naandika. Ijumaa 39.6. Jumamosi 39.2. Jumapili 38.8. Leo Jumatatu 38.4. Inashuka nukta nne kila siku, haijakosea hata mara moja, kwa hiyo Alhamisi tukiondoka itakuwa 37.2, na hiyo si homa. Napima kila jioni nikitoka dukani, saa moja baada ya mama yake kumpa ile dawa ya maji ya kushusha homa, kwa kuwa kabla ya hapo analia na hakubali kushikwa. Njia ni kilomita 640, saa tisa kwa gari langu, kiti cha nyuma nimeshakitandika godoro. Kutoka kijijini hadi kituo cha afya ni kilomita 38 za kona za mlimani, na wiki ya Idi huwa kuna muuguzi mmoja, akiwepo. Unaona sifichi kitu.

Mke wangu Keltuma hataki. Jana tumegombana mpaka chai ikapoa.

"Anayesafiri ni nani, mtoto au kisu?" akaniuliza.

"Homa inashuka, Keltuma. Nimekuonyesha karatasi."

"Karatasi haina kifua. Njoo umshike saa tisa mchana ndipo uniambie inashuka."

"Saa tisa niko kazini."

"Basi nenda kwenu peke yako, si njia unaijua?"

Siwezi kwenda peke yangu. Mwanamume akifika Idi bila mke na mtoto, wanawake wa kijiji watampa talaka kabla hajavua viatu. Na nikiwaacha hapa, mtaa mzima maduka yamefungwa, nani atawaletea mkate?

Halafu jana hiyohiyo Idder akapiga simu, sijui nani alimwambia. "Kaka," anasema, sauti ya asali, "mtoto kwanza. Usijisumbue. Kondoo mimi nipo." Mimi nipo! Nilikata simu nikasema mtandao mbovu. Na leo asubuhi Hmad, mtu wa kijiji chetu mwenye duka ng'ambo ya barabara, ananiuliza mbele ya wateja, "Eh Bihi, mwaka huu utawahi nyama, au tukuwekee ngozi tena?" Watu wakacheka, hata mama mjane anayenunua kwangu kwa deni la daftari akacheka.

Idi ya pili mfululizo, Lalla. Mara moja ni ajali, mara mbili ni desturi, na desturi kwetu haivunjwi. Nisipokuwepo Jumamosi, kisu hicho hakitarudi mkononi mwangu mpaka baba azikwe. Sitaki kuambiwa habari za subira, subira ndiyo iliyonilaza juu ya magunia. Tusafiri au tusisafiri? Gari nimeshalitia mafuta.

Bihi, mwenye duka, Kasablanka

*

Bihi ndugu yangu,

Hamsafiri. Nimelitanguliza neno hilo ili usipate mahali pa kulirukia.

Sasa tuzungumze. Homa ya Tuda hujaipima hata siku moja. Ulichokipima ni nguvu ya ile dawa ya maji. Mtoto anapewa dawa ya kushusha homa, unangoja saa moja imshushe, ndipo unamtia kipimo na kuandika kwamba imeshuka! Ungekuwa na mfanyakazi anayepima unga huku ameegemeza kidole kwenye mizani, ungemfukuza kabla ya adhuhuri. Mkeo amekwambia umshike saa tisa mchana. Yeye ndiye mwenye hesabu ya kweli katika nyumba hiyo, na hakuhitaji karatasi. Na hata ungepima vizuri, homa ya mtoto haiteremki kama ngazi, leo kidato, kesho kidato. Inaweza kulala siku mbili na kuamka siku ya tatu uko kwenye kona za mlima, kilomita 38 kutoka kwa muuguzi ambaye wewe mwenyewe umeandika "akiwepo." Neno hilo moja lilitosha kukujibu, usingehitaji wino zaidi.

Kwa kuwa unapenda namba, nakupa moja ya maana. Tuda akiwa amelala, hana kilio, funua kifua chake uhesabu pumzi kwa dakika nzima, saa mkononi. Kwa mtoto wa umri wake zikifika arobaini, au ukiona ngozi chini ya mbavu inavutwa ndani kila akivuta hewa, au akikataa kunywa, usingoje Jumatano, mchukue hospitali saa hiyohiyo. Homa nayo ipime kabla ya dawa. Atalia. Mshike, ni mwanao.

Kuna hesabu yako nyingine iliyonikosesha raha tangu niisome. Umetoa saa mbili na dakika kumi za hospitali, ukapata saa mbili kamili na kisu mkononi. Nami nimezitoa. Nimepata mtoto wa miaka mitatu ambaye pumzi imembana na hakuna aliyemwekea hewa, yuko kiti cha nyuma, na baba yake anakimbilia kondoo. Rudia hesabu hiyo, Bihi, uniambie mlangoni mngeingia watu wangapi.

Nimekukaripia, sasa nikupe haki yako. Wivu wako naujua na siucheki. Mtu aliyejenga nyumba kisha akapokewa ndani yake kama mleta gesi ana haki ya kuumia. Wanaume wengi wa Sus wananiandikia haya haya kila Idi: mjini wao ni mabwana, nyumbani ni wageni, na ndugu aliyebaki amekula miaka yote ya baba. Hilo lina uchungu, na hakuna kisima kinacholilipia.

Lakini wewe mwenye macho ya namba, kuna namba umeiandika hukuiona. Kijiji kilianza kuchinja saa mbili. Idder alichinja saa tatu na dakika arobaini. Hapo katikati kuna saa moja na dakika arobaini. Moshi wa nyama unatoka kila nyumba, watoto wa Idder wanalilia maini, mzee mwenye presha amekaa na njaa, na kondoo wenu amefungwa bado anatafuna majani. Kwa nini? Kondoo hakujichelewesha mwenyewe. Kuna mtu katika nyumba ile aliyesema, "Tumngoje Bihi kidogo," akalisema tena, akalisema tena, mpaka haikuwezekana. Sijui ni nani. Ninamdhania yuleyule mwenye sauti ya asali uliyemkatia simu. Kamuulize, kwa mdomo wako, na umwache amalize sentensi.

Basi fanya hivi. Leo ni Jumanne. Jioni hii mpigie Idder, wewe, usimtume Keltuma, wala usimwambie mtu yeyote kwamba ni Keltuma aliyekataa. Mwambie: "Mtoto ana nimonia. Sitakuja. Nakuomba uchinje kwa niaba yangu." Uwakilishi kwenye kuchinja ni jambo linalojulikana, si aibu. Usipomwomba, atachinja mahali pako. Ukimwomba, atachinja kwa ajili yako, na kijiji kizima kitasikia kwamba mwana mkubwa ametoa ruhusa. Kisha mwombe akupe baba. Mwambie baba hali ya mjukuu wake bila kupunguza wala kuongeza, halafu mwambie lile ambalo hujawahi kumwambia tangu mwaka jana, kwamba iliuma. Mzee wa mkono unaotetemeka anaweza kuwa alisema "cha aliyepo" kwa kuwa anataka uwepo, na hakuna aliyemfundisha namna nyingine ya kusema.

Kisu chenyewe usikidai kwenye simu. Tuda akipona na daktari akiruhusu, pandeni wote watatu, mkae wiki mbili, si siku tatu za kula na kuondoka. Jifunze dawa ya baba yako iko kopo gani. Hmad akikuuliza habari za ngozi, mwambie mwaka huu unabaki na duka liko wazi, na yeye akirudi atawakuta wateja wake kwako.

Kesho Jumatano mpeleke Tuda kwa daktari, wewe na mama yake, duka lifungwe asubuhi hiyo hata kama watu wamepanga foleni hadi msikitini. Ukitoka huko piga simu hapa studio kabla ya saa kumi alasiri. Kilomita usinitajie. Nataka vitu viwili tu: daktari amesikia nini kifuani mwa mtoto, na je, Idder umemwomba au hukumwomba? Umemwomba, hukumwomba, hakuna jibu la tatu, na saa kumi na moja nitakuwa nimeshatoka.