Kikapu Kingine Hatukuwa Nacho

Mpendwa mke wangu, Mama Adela,

Kwanza usinikunjie uso. Najua ukiona mwandiko wangu mkono wako unatafuta kalamu nyekundu. Itafute huko huko uliko. Hapa ninayo mimi, ndiyo hii ninayoandikia, kwa sababu ile ya bluu Adela ameondoka nayo. Mtu wa darasa la tatu anamwandikia mwalimu kwa wino mwekundu! Dunia imepinduka, na wewe umelala hapo kibanjani kati ya migomba, huwezi kunifanya lolote.

Nimekaa barazani, nakuona. Mgomba ulio upande wa kichwa chako umezaa mkungu mkubwa, nimeuwekea mti wa kuuegemeza usije ukakuangukia. Sikwambii ili unishukuru. Nakwambia ili ulainike, maana nina neno la kukiri. Mchungaji angependa nimwambie yeye, lakini yeye hakuwepo, na tena mdomo wake hauna komeo.

Unaikumbuka ile kalkuleta ya jua?

Ilikuja na mgeni wa usharika. Alisali nasi Jumapili moja, akala matoke yako mpaka akafungua mkanda, akakuuliza unafundisha nini. Ukamwambia hesabu, darasa la tano, na kwamba vitabu ni saba na watoto hawana idadi. Akaingiza mkono mfukoni akatoa kile kidude, chembamba kama biskuti, akakupa. Bure! Hakuomba hata yai. Akaondoka, mimi nikakuambia, "Mke wangu, kitu cha bure king'oe kwanza uone mizizi yake." Ukanijibu, "Na mume niliyempata bure je, nimng'oe?" Nilikuoa mwaka wa vita, nikiwa nimeshaota mvi, na ni kweli hukunilipia.

Walimu wengine wangekifungia kabatini kisichakae. Wewe ulikipeleka darasani kesho yake. Nilikuwa nikipita na panga langu, nasimama dirishani kama ninayekata majani, kumbe nasoma. Ulikuwa na sheria yako: kwanza kichwa, halafu mashine. Mtoto anakokotoa kwa mbegu za maharage, anaandika jibu lake, ndipo anakwenda mlangoni kwenye mwanga kuuliza mashine. Wakipishana, ndipo kesi inaanza. Siku moja mmoja alibonyeza vibaya, mashine ikatoa jibu la ajabu, na darasa zima likaliamini kwa sababu limetoka kwenye kioo.

"Mnakubali?" ukawauliza.

"Ndiyooo!"

"Basi kila mtu wa Chonyonyo ana miguu kumi na sita. Haya, hesabuni ya kwenu."

Wakacheka, wengine wakaangalia kweli chini. Ukawaambia, "Mashine haina akili, ina haraka tu. Akili mnayo nyinyi." Mimi niliyeikimbia shule kwa sababu ya kugawanya, nilijifunza kugawanya pale dirishani, nimeshika panga. Hilo sikukwambia. Ungenipa mtihani.

Lakini ulisema neno jingine pia, na neno hilo ndilo lililoniponza. Wingu likitanda na namba zikififia, ulikuwa ukiwaambia watoto, "Mashine hii inakula jua. Leo ina njaa." Sasa wewe, Mama Adela, msomi mzima, unamwambia mkulima wa kahawa kwamba kitu kinakula jua. Ulitegemea afanye nini?

Ijumaa ile uliileta nyumbani uandae hesabu za wiki. Mwalimu Mkuu alikuwa amekataza isitoke shuleni. Alishaiandika kuwa mali ya shule, na wewe ukatia sahihi. Mkaguzi wa wilaya alikuwa anakuja Jumanne kuiona. Na Mwalimu Mkuu hakukupenda, sote tulijua. Mara mbili alikwambia kwamba kule mpakani kuna shule inatafuta mwalimu wa kike. Tena wewe ulikuwa binti wa Isingiro, wa wazazi waliokuja kutoka Burundi kulima vibarua. Kuna watu hapa walikuwa wanangoja tu kosa moja. Neno "mwizi" likimwangukia mtu kama wewe halioshwi kwa sabuni. Haya yote niliyajua. Nataka uandike pembeni kwamba niliyajua.

Jumamosi ukaenda kwaya. Nikaiona kalkuleta mezani, namba zimekufa. Nikasema masikini, ina njaa. Nilikuwa naanika kahawa uwanjani, jua limewaka vizuri, nikailaza katikati ya jamvi juu ya kahawa, mahali pazuri kabisa. Na kila nilipopita na reki kugeuza kahawa, niliigeuza na yenyewe. Ndiyo. Upande huu ukishiba, upande ule. Usicheke. Nani alinifundisha kwamba inakula kwa uso tu?

Mchana mvua ikatokea upande wa vilima, haikupiga hodi. Unajua kwetu mvua ikikuta kahawa iko nje ugomvi unaahirishwa. Anayeiona anaingia, anazoa, anaondoka bila asante, na ugomvi unaendelea kesho. Basi hata jirani yetu Byamungu akaruka ua, huyo ambaye tulikuwa hatusalimiani miaka miwili kwa ajili ya mti mmoja wa mpakani. Tukazoa kama vichaa, yeye upande wake, mimi upande wangu, hatuangaliani. Magunia manne. Mvua ikapiga, nikakaa barazani najisifu kwamba hata punje moja haikulowa.

Ukarudi, ukapika, tukala. Sikukumbuka kitu. Jumapili baada ya ibada ndipo ukauliza.

"Baba Adela, umeona kalkuleta?"

"Kalkuleta gani?"

"Kwani ziko ngapi?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Niliiona akilini, imelala kwenye jamvi kama mtoto mchanga, halafu nikaona reki. Na mdomo wangu, Mama Adela, mdomo huu uliokula matoke yako miaka yote, ukasema, "Sijaiona."

Ulipekua nyumba nzima. Ulitoa nyasi zote zilizotandazwa sakafuni ukazirudisha moja moja. Ulimuuliza Adela, akalia, mtoto wa watu hana kosa, nami nikakaa natengeneza mpini wa jembe ambao haukuwa umeharibika. Asubuhi ya Jumatatu hukunywa hata uji. Ulichukua kikapu chako ukasema, "Nakwenda kumwambia Mwalimu Mkuu mwenyewe, kabla hajaniuliza. Akinihamisha, wewe baki na kibanja. Adela nitakwenda naye." Ukasema taratibu kama mtu anayeaga kwenda mtoni. Afadhali ungenitukana.

Ulipopinda tu nikayarukia magunia. La kwanza, hamna. La pili, hamna. La tatu nikalimwaga mpaka kuku wakakimbia. Na la nne halikuwepo! Nikazunguka nyumba. Ndipo nikakumbuka kwamba mvua ilipozidi, Byamungu alikimbilia kwenye paa lililokuwa karibu naye. La kwake.

Mawe, mama yangu! Miaka miwili ya kiburi, na mlango wenyewe hatua thelathini. Nilisimama pale kwenye mti wa ugomvi, nikakuona wewe njiani na kikapu chako. Nikavuka.

"Hodi."

"Nani huyo?" akajibu kutoka ndani. "Sauti naijua, lakini mwenyewe alikufa mwaka juzi."

"Waitu Byamungu, mwenzetu, nimefuata gunia langu."

"Si lipo juu ya mti wako, ule unaozaa majani kwenye mpaka wangu?"

"Ndugu yangu, usinitanie. Mke wangu anafukuzwa kazi."

Akatoka. Nikamweleza yote. Nilidhani ataniuliza la mke, lakini yule mtu aliketi chini hapo hapo mlangoni, akacheka mpaka akashika mbavu. "Uliianika? Na ukaigeuza? Sasa ulitaka uikoboe lini?" Lakini alikuwa tayari anafungua gunia. Tulimwaga kahawa yote kwenye jamvi lake, wazee wawili tumepiga magoti, tunaichambua kama kuku. Yeye ndiye aliyeiona. Ilikuwa imejaa vumbi, ganda la kahawa limenasa kwenye kitufe cha saba. Akaifuta kwa shati lake, akaielekeza juani. Tukangoja. Sijawahi kuomba Mungu nikiwa nimenyamaza hivyo.

Ikatokea sifuri.

Mke wangu, nimeona namba nyingi. Hakuna hata moja iliyowahi kunifurahisha kama ile sifuri. Byamungu alinipiga mgongoni akasema, "Kimbia, marehemu."

Nilikimbia na suruali yangu ya shamba, ile iliyopasuka unapopajua. Nikakukuta umesimama mbele ya meza ya Mwalimu Mkuu, karatasi ya maelezo mbele yako, umeshaandika mistari miwili. Na mimi, niliyekuwa nimejipanga njia nzima kusema ukweli, nilipoona ule uso wa Mwalimu Mkuu nikaogopa kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikasema, "Mama Adela, umeisahau hii. Ilikuwa chini kwenye kikapu chako."

Kikapu chenyewe kilikuwa miguuni pako.

Ukakitazama kikapu. Ukanitazama mimi. Nikaongeza haraka, "Kile kikapu kingine."

Kikapu kingine hatukuwa nacho.

Ukamgeukia Mwalimu Mkuu ukasema, "Nisamehe, Mwalimu. Ni usahaulifu wangu." Akakukaripia mbele yangu. Alikuambia maneno ambayo mimi nilipaswa kuambiwa, nawe ukayapokea umeinamisha kichwa, nami nimesimama pale na suruali yangu. Mkaguzi alikuja Jumanne, akaona watoto wanavyoshindana na mashine, akakusifu. Hukuhamishwa. Mambo yakaisha vizuri, kwa kila mtu isipokuwa mimi.

Maana sikuwa na uhakika kama uliniamini. Wiki ile ile nilikwenda gulioni nikanunua kikapu, nikakitupia chini ya kitanda ili uongo wangu uwe na mahali pa kukaa. Ulikiona ukasema tu, "Kizuri." Ukakitumia. Na kila ulipokitumia nilikuwa naumwa tumbo. Ulikuwa unalalamika, "Saba inabana, sijui ina nini," na mimi nakuwa na shughuli nje. Ulipougua nilitaka kukwambia. Nikasema ngoja apone kwanza.

Sasa sikia kwa nini naandika leo.

Adela wako sasa ni mwalimu, ulimwacha bado anasoma chuo. Amepangiwa shule Bweranyange. Wiki iliyopita alikuja anang'aa: shule yao imepewa kompyuta, bure, na watu ambao walikuwa hawaitaki tena. Moja kwa shule nzima, inawashwa kwa jenereta, siku ambayo mafuta yapo. Nikamuuliza, moja kwa watoto wote hao utafanyaje? Akanijibu kwa sauti yako, nusura niangalie kibanjani: "Kwanza kichwa, baba, halafu mashine."

Nikasema, basi nitakuja kuiona.

"Karibu sana," akasema. "Lakini jamvi uliache nyumbani."

Nilishika mkono wa kiti. Nikamuuliza jamvi gani. Akaanza kucheka hata kabla ya kusema, kicheko cha Byamungu kabisa. Akanisomea hesabu uliyowaandikia ubaoni wiki ile ile, yeye akiwa dawati la mbele: *Mzee mmoja ana magunia manne ya kahawa na kalkuleta moja. Ameanika vyote siku moja na kuvigeuza vizuri. Je, ataotesha miche mingapi ya kalkuleta?*

Na darasa zima likajibu, "Sifuri!"

Nilikuwepo, Mama Adela! Nilikuwa dirishani na panga langu! Nilisikia "sifuri" ile na vicheko, nikaona vichwa vyote vinageuka kunitazama, nikadhani ni suruali. Nikaondoka nimeishika nyuma. Miaka tisa nimekuwa nadhani ni suruali.

Kwa hiyo ulijua. Ulijua tangu pale mezani. Ulikubali kosa langu mbele ya yule mtu, ukaja nyumbani ukanipikia, ukapokea kikapu cha uongo ukasema kizuri, kumbe adhabu yangu ulishaitoa siku nyingi, mbele ya watoto wote wa Chonyonyo, na mwenye kuadhibiwa ndiye pekee asiyejua. Adela ameniambia ulimkataza kuniambia. "Mwache," ulisema, "atasema mwenyewe akikomaa." Basi nimekomaa. Nimechelewa kidogo, lakini hata kahawa haikauki siku moja.

Nilicheka, nikalia kidogo, nikamwita Byamungu tukanywa rubisi ya ndizi tukicheka upya. Ameapa hakukwambia yeye. Anasema lililokwambia ni lile ganda la kahawa kwenye saba. Tumbo haliniumi tena. Asubuhi nimekula ndizi nne.

Kikapu bado kipo, nachotea maharage. Kalkuleta, ambayo shule ilikuzawadia ulipougua, nimempa Adela aende nayo Bweranyange, maana jenereta ikigoma jua lipo. Saba bado inabana. Nimemwambia asiisafishe.

Basi pumzika, mwalimu wangu. Nimekuachia nafasi upande wa kushoto, kama ulivyonifundisha, ya kusahihishia. Makosa ya mwandiko weka yote. Lakini chini, pale pa kuandika mambo mangapi bado nakuficha, hapo nimekusaidia. Nimeshajaza mwenyewe: sifuri.

Mumeo uliyempata bure,
Baba Adela