Weupe Uliouacha Ziwani

Kwa baba yetu, Josiah Threlkeld, mchoraji wa rangi za maji
Keswick, 9 Aprili 1857

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu ulipotutoka, na picha uliyoiacha ubaoni katika chumba chako cha kuchorea ingali vilevile. Hakuna mkono ulioigusa. Mimi mwanao Enoch ndiye niliyeilinda.

Tunakumbuka ulivyopanda mlimani mvua ikimwagika, kiti cha kukunja kwapani, ukarudi umelowa chapachapa na kutuambia, "Leo kulikuwa na mwanga mzuri." Mwanga gani, Baba? Kondoo wenyewe walikuwa wamejificha.

Tunakumbuka upole wako. Watoto wa jirani uliwafundisha kuchora bila malipo, na hata walipochora ng'ombe mwenye miguu mitano, ulisifu mkia.

Picha ile ni ya ziwa asubuhi, na katikati ya maji ulibakiza mkanda mweupe. Mama alitaka kuitundika sebuleni leo, maana ndiyo pekee aliyobaki nayo. Nyingine zote zilinunuliwa na wageni wa kiangazi.

Sasa, kuhusu kuilinda. Jumanne, Mama akiwa kanisani, niliona kama hukuimaliza. Nikachovya brashi yako, nikaujaza ule mkanda buluu. Ziwa likafa palepale. Ndipo nikakumbuka ulilotuambia mara mia: sandukuni mwako hamna rangi nyeupe, weupe ni karatasi yenyewe, ukishaifunika ndiyo basi.

Mama aliporudi aliitazama. "Enoch, mwanga umekwenda wapi?"

"Ni unyevu, Mama. Chumba kile kinavuja."

Akakaa chini. "Kosa langu. Ningewasha moto mle ndani. Kitu kimoja tu alichoniachia, na nimeshindwa kukitunza."

Siku mbili nzima nilimwacha alie.

Asubuhi hii Shangazi Tamar, dada yako, alimkuta bado anajilaumu. "Unyevu?" akasema. "Tangu lini unyevu ukavaa suruali ya kahawia? Wifi, futa machozi. Jumanne nilikuwa ngazini, mlango uko wazi. Huyu mwanao alikuwa anapaka huku anapiga mluzi!"

Mama akafuta machozi. Aliitundika picha sebuleni, mkabala na kiti changu cha kulia chakula.

Tunaokukumbuka: mkeo Dinah, dada yako Tamar, binti yako Hester, na Enoch, ambaye kwa sasa hasemeshwi.

Hutatutoka moyoni, Baba, kamwe.