Tumbo Lililokataa Kukua

Dada Felista,

Naandika nikiwa nimekaa kizingitini kwa mama, karatasi nimeilaza juu ya ungo, mtoto nimemfunga kifuani kwa khanga. Kila nikimaliza mistari michache naweka kalamu chini na kugusa mgongo wake. Anapumua. Halafu naandika tena. Maneno yakikatikakatika usishangae.

Ndiyo, dada, nina mtoto. Nimetaka ulijue hilo kwanza, kabla sijaanza kukusimulia hofu yangu, maana ni ndefu, na ningeanza nayo ungedhani iliishia pabaya.

Mengi yamebadilika tangu uondoke. Kahawa ya kule juu Mbinga hainunuliwi tena na ushirika peke yake. Siku hizi wanakuja wanunuzi binafsi na malori yao, na malori mengine yanashuka hadi huku kwetu Lipingo kutafuta usipa, dagaa wa ziwa letu. Mume wangu Benedikto amejiunga na biashara hiyo. Anapanda na magunia ya usipa mkavu, anauza Namswea, anauza Litumbandyosi, anarudi na mahindi na maharage. Mitumba imejaa kila gulio. Hata mama ana koti zito la Kizungu lenye vifungo vinavyong'aa, na analivaa kanisani hata jua likiwa kali. Ungecheka sana.

Agnesta wako yuko darasa la kwanza. Shemeji alioa tena akahamia Songea, mtoto akabaki kwangu, ananiita mama mdogo. Ana paji lako la uso na ubishi wako wote. Lakini kuna jambo ambalo hukuliona na ningependa ulijue. Mama hakuwahi kumpakata. Alimlisha, alimfulia, alimnunulia sare ya shule, ila mkono wake ukimaliza kazi ulikuwa unaondoka. Siku ya msiba wako aliwaambia wanawake waliokuja kutupa pole, "Mtoto alikuwa mkubwa, ndiye aliyemmaliza mama yake." Neno hilo lilizunguka kijijini likakua, mpaka likamfikia mwenyewe. Siku moja tulikuwa ziwani tunasuuza vyombo, akaniuliza bila kuniangalia, "Mama mdogo, ni kweli mimi ndiye niliyemuua mama?"

Nikamwambia hapana. Lakini ilikuwa hapana ya mtu asiyejua.

Kwa hiyo nilipojijua ni mjamzito, furaha sikuiona. Nilikuona wewe, ulivyolala kwenye mkeka ule uliofia. Benedikto alifurahi kwa niaba yetu wote wawili.

Wewe hukwenda kliniki. Zahanati ilikuwa mbali, na ulikuwa na msemo wako, "Mimba si ugonjwa." Mimi nilikwenda mapema, tumbo halijaonekana hata kwa jirani. Nilidhani nikienda kliniki hofu itabaki njiani. Haikubaki, dada. Kliniki ndiko ilikopata jina na kipimo.

Nesi wa pale anaitwa Anjela, mwanamke mfupi, mikono yake baridi kama ametoka kuchota maji. Mara za mwanzo alinipima akasema kila kitu kiko sawa. Mimba ilipofika mwezi wa sita akaweka utepe juu ya tumbo langu, akautoa, akauweka tena. Akaniuliza kama nina hakika ya hedhi ya mwisho. Nikasema nina hakika, ilikuwa juma tulilozika mzee wa kanisa, siwezi kusahau. Halafu akainamisha kile kipembe chake cha kusikilizia, sikio lake likakaa pale muda mrefu hata nikaanza kusali. "Moyo unapiga," akasema. "Lakini mtoto ni mdogo kuliko miezi yake."

Mdogo kuliko miezi yake. Nilirudi na maneno hayo kwa njia ya ufukweni, na sikumbuki nilikutana na nani.

Mwezi uliofuata utepe ulipanda kidogo tu, kama unaniibia. Wanawake wengine kwenye benchi walikuwa na matumbo ya kuwatangulia mlangoni. Mmoja akaniuliza kwa wema kabisa kama hii ndiyo mara yangu ya kwanza kuja, nikamwambia ndiyo, maana sikutaka anihesabie miezi. Uzito wangu ulikuwa umesimama palepale. Nesi Anjela akaniuliza, "Unakula nini?"

Nikamweleza. Asubuhi uji mwepesi. Mchana tonge chache za ugali wa mhogo na mboga. Mayai hapana, samaki wa mbasa hapana, maharage kidogo sana. Mama ndiye aliyepanga hivyo tangu siku nilipomwambia nina mimba, na mimi nilimtii kwa moyo wote. Alisema mtoto akilishwa sana tumboni atakuwa mkubwa, na akiwa mkubwa hatapita, na asipopita tutarudi kule kule. Akinipakulia alikuwa anapakua kisha anapunguza. Aliyepunguza alikuwa mama yetu, dada, si mtu mwenye roho mbaya. Mimi nami nililala na njaa nikiamini njaa ndiyo itaniokoa.

Nesi alimwita mama zahanati. Nilidhani watagombana. Alimweleza taratibu kwamba mtoto anakula kupitia kwangu, na kwamba damu yangu imepungua. Mama alisikiliza hadi mwisho, akafunga vizuri kitambaa cha kichwa, akasema, "Mwanangu, mimi nimeshazika mmoja. Sitaki kuzika wawili."

Tangu siku hiyo nilianza kula. Nilikunywa na vidonge vya kuongeza damu, ingawa vilinichafua tumbo. Mama alipika kama alivyoagizwa, maharage, usipa, hata yai. Lakini alikuwa anakaa pembeni akitazama kila tonge linaloingia mdomoni mwangu kama anayemtazama mtu akinywa sumu. Siku nyingine aliinuka akaenda nje kabla sijamaliza.

Nilidhani basi, sasa tumbo litakua. Kliniki iliyofuata nilipanda mzani nikiwa na tumaini, na kweli uzito ulikuwa umeongezeka. Nesi hakufurahi. Alibonyeza mguu wangu kwa kidole gumba, akakitoa, na shimo likabaki. Akanifunga mpira wa presha mkononi, akaujaza upepo, akaurudia. Akapima mkojo. Halafu akaketi, akashusha sauti. "Presha imepanda. Na mtoto bado hajakua inavyotakiwa. Sikuweki hapa. Unakwenda hospitali, kwa lori litakalotangulia kupanda."

Wewe nawe ulivimba miguu, nakumbuka. Tulikuwa tunabonyeza na kucheka, tukisema umepata viatu vya bure.

Tulipanda na lori la usipa, mimi nikiwa mbele kwa dereva, mama na Benedikto juu ya magunia. Agnesta tulimwachia wifi. Hakulia. Alishika mlango wa lori kwa mikono miwili mpaka dereva akamwomba aachie. Njia nzima ya kupanda mlima nilishika tumbo kila gurudumu lilipoingia shimoni, nikimwambia mtoto asubiri, asubiri, kama vile ana masikio. Tulipofika kwenye mashamba ya kahawa ukungu ulikuwa umeshuka na baridi ya milima ya Umatengo inauma. Mama akateremka, akavua lile koti lake akanivika.

Hospitali ilikuwa ya misheni, na siku hizi kila mtu anachangia matibabu, hata mjamzito, lakini hilo Benedikto alilishughulikia na sikutaka kujua. Daktari alikuwa mwanamume wa makamo, mpole wa sauti. Alinipima kwa mikono, akasikiliza, akasema hapo hawana mashine ya kumwona mtoto, wana mikono na masikio tu. Halafu akauliza kama kuna ndugu yangu aliyepata shida wakati wa ujauzito.

Nikamtazama mama. Mama akatazama sakafu. Basi nikasema mimi. Nilimweleza kila kitu, dada, jinsi uso wako ulivyojaa siku zile za mwisho. Jinsi ulivyolalamika kichwa kinakupasuka, na ukasema unaniona kama nimesimama nyuma ya moshi. Jinsi ulivyoanza kutetemeka mwili mzima na kuuma ulimi, na Agnesta akazaliwa wewe mwenyewe hujui, na jua lilipofika utosini ulikuwa umeshatuacha. Sikuwahi kuyasema hayo yote kwa mpigo.

Daktari akauliza, "Huyo mtoto alipozaliwa alikuwa mkubwa?"

"Wa kawaida," nikasema.

Akageukia kwa mama. Alimwamkia tena, "Shikamoo mama," kama ndiyo kwanza wanakutana, akamwambia, "Aliyemchukua binti yako si mtoto. Ilikuwa presha ya mimba, ikafika hadi kifafa. Hii hii inayomwanza mdogo wake. Na ndiyo mara nyingi inayomnyima mtoto chakula tumboni, hata mama akila."

Mama akauliza kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Kwa hiyo yule mtoto..."

"Yule mtoto naye aliponea chupuchupu," daktari akasema.

Mama alijifunika uso kwa khanga. Mimi ningepaswa kulia pia, lakini machozi hayakuja. Hofu ilikuwa imekaa mahali pake. Maana sasa nilijua, dada. Ulikufa kwa kitu fulani, kina jina, na kitu hicho kilikuwa ndani yangu.

Nililazwa. Walinipa dawa ya presha, wakaniamuru nilale kwa ubavu wa kushoto na nisikilize mtoto anavyocheza. Nikawa sina kazi nyingine duniani. Akicheza nashukuru, akitulia nakufa. Mama alikuwa anapika kwenye mafiga ya nje pamoja na ndugu wa wagonjwa wengine, ananiletea mbasa aliyeokwa na ugali uliojaa sahani, na safari hii hakupunguza kitu. Alinimegea samaki kwa vidole vyake, akitoa miiba, kama tulivyokuwa wadogo.

Halafu ikaja asubuhi mtoto hakucheza. Nilingoja. Nilikunywa maji baridi kama walivyonifundisha. Nilijigeuza. Nikabonyeza tumbo kwa vidole, nikamwita. Hakuna. Nilitaka kumwita nesi na sikuweza, kwa sababu nilijua nikimwita ataweka kipembe, na kabla hajakiweka mtoto wangu bado yu hai. Mama ndiye aliyeniona uso, akaenda mbio kuita. Daktari akaja mwenyewe. Akainama. Nikamtazama nywele zake zenye mvi na nikakusemesha wewe, nikasema, dada, kama amekuja kwako mrudishe.

"Yupo," akasema daktari. "Lakini amechoka. Huyu atakua vizuri nje kuliko ndani. Hatusubiri tena."

Wakaniwekea dripu ya kuanzisha uchungu. Mama alikaa kichwani kwangu. Kila uchungu ulipokuja alikuwa ananiuliza, "Unaniona vizuri? Unaniona?" Nikamjibu nakuona mama. Aliuliza hivyo mpaka mwisho, na mimi nilijua anamuuliza nani mwingine.

Alizaliwa mchana, dada. Mvulana. Kilio chake kilikuwa kidogo kama cha paka, na nilikisikia kabla sijamwona. Mapaja yake membamba kama kidole changu cha gumba, ngozi imemzidi kama nguo ya kuazima. Nesi alimlaza kifuani kwangu bila nguo, akanifunga khanga juu yake, akasema nimbebe hivyo hivyo, joto langu ndilo blanketi lake. Presha yangu haikushuka upesi. Siku kadhaa walikuwa wananipima mara kwa mara, na kila walipojaza upepo nilifumba macho. Kisha ikashuka, ikabaki chini. Benedikto amempa mtoto jina la baba yake, Daudi.

Tuliporudi Lipingo, Agnesta alikuwa amesimama nyumbani kwa wifi, hasogei. Aliniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni. Kabla sijafungua mdomo mama alikuwa amemfikia. Alipiga magoti pale pale mchangani na koti lake, akamvuta, akamwambia, "Mwanangu, nilikuwa nasema uongo bila kujua. Wewe hukumfanya mama yako kitu. Mlikuwa mnaumwa wote wawili, ukapona wewe." Halafu akamgeuzia mgongo, akamwambia apande. Msichana mkubwa wa darasa la kwanza, miguu inaning'inia. Mama alimbeba hadi nyumbani na watu wakitazama.

Usidhani hofu imeisha. Leo ni siku ya mzani tena. Daudi anaongezeka kwa shida, kidogo kidogo, na nikimpeleka kwa nesi Anjela naogopa kama mara ya kwanza. Ananyonya, analala, na akilala sana namwamsha. Huenda ndivyo nitakavyoishi. Wewe hukuogopa kwa sababu hukujua. Mimi najua, na nimechagua kujua.

Lala salama, dada yangu. Kaburi lako tumelipalilia, na Agnesta amepanda maua upande wa kichwani. Nakuahidi jambo moja. Siku binti yako atakapobeba mimba, hata awe ameolewa mbali kiasi gani, nitapanda gari lolote nimfuate. Nitakwenda naye kliniki tumbo likiwa bado siri, nitakaa naye kwenye benchi, na kabla nesi hajauliza kitu nitamwambia kilichomchukua mama yake.

Mdogo wako,
Ostina